Ndani Kuna Nini?

Kipo kitendawili ambacho karibu kila mtoto aliyelelewa katika Kiswahili amekisikia: "Nyumba yangu haina mlango." Jibu lake ni yai. Lakini mimi naona mtoto akijibu "sambusa" hastahili kukosolewa, kwa maana sambusa nayo ni nyumba iliyozibwa pande zote. Ina kuta tatu, haina dirisha, na kilichomo hakijulikani mpaka mtu abomoe ukuta kwa meno.

Vyakula vyetu vingi havina siri. Ugali ukiwekwa mezani unauona kuwa ni ugali, na mboga iliyo kando yake unaitambua kama ni kisamvu au maharage. Samaki wa kukaanga anakutazama kwa jicho lake mwenyewe. Hata wali, kama mchele wake haukuchambuliwa vizuri, jicho kali litaona jiwe kabla ya jino. Sambusa haiko hivyo. Mlaji hulipa kwanza, huuma pili, na kujua huja mwisho. Kwa sababu hiyo mimi huihesabu sambusa kuwa ni amana. Anayekula amemwamini aliyekunja.

Nimeishi Majengo, hapa Songea, sehemu kubwa ya miaka yangu ya ualimu na miaka yote ya kustaafu kwangu. Katika kurasa hizi chache ningependa kumweleza msomaji sambusa ilikotoka, jinsi inavyotengenezwa, na mahali pa kuila kwa raha. Ila nimtahadharishe mapema kwamba swali la mahali litatufikisha kwenye swali jingine lililo gumu zaidi, nalo ni hili: uaminifu una gharama, je, ni nani anayeilipa?

Sambusa ni msafiri mkongwe. Asili ya jina lake ni Kiajemi, na Waarabu wa zamani waliiita sanbusaj au sanbusak. Katika kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226 na Muhammad al-Baghdadi, sambusa imo: mkate mwembamba unakatwa vipande, unafungiwa nyama kwa umbo la pembetatu, unagandishwa kwa unga mbichi, kisha unakaangwa katika mafuta ya ufuta. Mtu wa Ruvuma akisoma maelezo hayo hataona jambo geni. Ufuta tunaulima, na namna ya kukunja ni ile ile tunayoiona kila jioni kando ya barabara.

Kisha yuko Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco ambaye wanafunzi wetu humsoma katika somo la historia. Mwaka 1331 alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa, akaandika aliyoyaona. Baada ya miaka michache alikuwa Delhi, katika karamu za Sultani Muhammad bin Tughluq, na huko akaeleza juu ya vyakula vilivyoandaliwa. Kimojawapo kilikuwa nyama iliyokatwakatwa, ikapikwa na lozi, jozi, pistachio, vitunguu na viungo, ikafungwa ndani ya mkate mwembamba na kukaangwa katika samli. Hiyo ndiyo sambusa ya wafalme. Ya kwetu haina lozi wala pistachio, lakini ni ya ukoo huo huo.

Kila ilikopita, watu waliipa matamshi yao. Wahindi wengi huiita samosa. Wasomali huiita sambuus, na kwao mwezi wa Ramadhani haukamiliki bila hiyo. Sisi hapa Songea tuna jirani ambaye jina lake la sambusa lilipitia Goa katika midomo ya Wareno. Msumbiji ilipokuwa ikipigania uhuru wake, kuanzia mwaka 1964 hadi 1974, mkoa wetu ulipokea wakimbizi wengi waliovuka mto Ruvuma. Kwa mmoja wao ndipo niliposikia mara ya kwanza neno chamussa. Alikuwa ameshika sambusa mkononi, anaitazama kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

Hata umbo lake limewahi kuleta mzozo. Mwaka 2011 magazeti mengi ya dunia yaliripoti kwamba kundi la Al-Shabaab lilipiga marufuku sambusa katika sehemu za Somalia lilizozishika, na ikasemekana kuwa pembe tatu ziliwakumbusha Utatu wa Wakristo. Hapa Majengo, ambako Waislamu na Wakristo tunakaa ukuta kwa ukuta, pembe hizo hazijapata kumgombanisha mtu na jirani yake. Wakati wa Ramadhani sahani ya sambusa huvuka ua kwenda kwa jirani Mkristo, na wakati wa Krismasi sahani hiyo hurudi ikiwa na kitu juu yake. Sahani tupu hairudishwi. Hiyo ndiyo mila.

Jina Majengo si letu peke yetu. Iko Majengo ya Moshi, ya Dodoma, ya Mombasa, na ile ya Nairobi upande wa Pumwani. Aghalabu Majengo ni mtaa wa watu waliokutana mjini wakitoka kila upande, wakajenga nyumba za vyumba vingi, wakapanga na kupangishana, na Kiswahili kikawa lugha ya uani. Kwa chakula pia ilikuwa hivyo. Mngoni, Mmatengo, Myao na mtu wa pwani wakitumia uani mmoja, hakuna pishi linalobaki kuwa la mtu mmoja. Ruvuma ni mkoa wa mahindi, na unga mweupe wa ngano wa dukani ulitufikia kwa malori. Nyama ilikuwa ya hapa hapa, viazi mviringo viliteremka kutoka milima ya Umatengo, Mbinga, na maarifa ya kukunja yalitoka pwani. Hivyo sambusa ya Majengo imeunganishwa kutoka sehemu tatu, kama pembe zake.

Sasa nieleze inavyotengenezwa, maana asiyejua kazi yake hawezi kujua thamani yake.

Kazi ya kwanza ni manda. Unga wa ngano unakandwa kwa maji na chumvi mpaka uwe laini lakini usio na majimaji, kisha unagawanywa vidonge. Kila kidonge kinasukumwa kiwe duara dogo, kinapakwa mafuta, kinanyunyiziwa unga mkavu, na kingine kinawekwa juu yake. Vikishapangwa hivyo vinasukumwa kwa pamoja mpaka viwe chapati moja pana. Chapati hiyo inababuliwa tu katika kikaango kikavu, bila kuivishwa, halafu ingali ya moto inabanduliwa tabaka kwa tabaka. Hapo ndipo vidole vinapoungua. Kila tabaka ni jembamba kiasi cha kukaribia kuona mwanga upande wa pili, na ukilikata mara mbili kwa msalaba unapata manda nne. Katika kilo moja ya unga, mtu mwenye mkono mzuri hupata manda 48 au zaidi kidogo.

Kazi ya pili ni nyama. Inasagwa, inatiwa tangawizi, kitunguu saumu, pilipili, chumvi, bizari nyembamba na maji ya ndimu, na inapikwa mpaka ikauke kabisa. Unyevu ni adui wa sambusa, kwa sababu maji yakibaki ndani hulainisha manda, nayo hupasuka katika mafuta. Kwa hiyo vitunguu maji haviungwi pamoja na nyama. Vinakatwa vidogo vidogo, vinatiwa chumvi, vinakamuliwa kwa kitambaa safi, halafu vinachanganywa na nyama pamoja na majani ya giligilani baada ya sufuria kuepuliwa.

Kazi ya tatu ni kukunja. Manda inafanywa kifuko, nyama inashindiliwa mpaka kwenye ncha, na mdomo unafungwa kwa uji mzito wa unga na maji. Kazi ya mwisho ni kukaanga katika karai, kwa moto wa wastani. Moto ukiwa mkali, nje huungua na manda hutoka malengelenge. Ukiwa mdogo, sambusa hunywa mafuta. Kwa hesabu hii msomaji ataona kwamba kitu anachokimaliza kwa kuuma mara tatu kimepita mikononi mwa mtu zaidi ya mara kumi.

Mimi mwenyewe niliitumia sambusa darasani. Nilikuwa mwalimu wa Daraja la Tatu A, niliyetoka chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na chuoni tulifundishwa kuanza na kitu ambacho mtoto anakijua ndipo umpeleke kwa asichokijua. Watoto wa Majengo walikuwa wanaijua manda. Duara likigawanywa mara nne, kila sehemu ni robo, na pembe ya katikati ni nyuzi 90. Mtoto aliyekuwa akisinzia katika somo la sehemu alifumbua macho nilipouliza: "Mama akiwa na duara 12, atapata manda ngapi, na akiuza zote kwa shilingi mbili mbili, amepata kiasi gani?" Wengi walikuwa wamekwisha kulifanya hesabu hilo usiku uliotangulia, kando ya jiko la mkaa.

Miongoni mwa wanafunzi hao alikuwapo binti mmoja ambaye mama yake tulimwita Bi Mkubwa. Alikuwa mjane mwenye watoto watano, na sambusa zake zilijulikana kuanzia sokoni hadi stendi. Alikuwa akiketi nje ya nyumba aliyopanga, beseni mbele yake limefunikwa kwa kawa, na juu ya kawa ameweka ndimu zilizokatwa. Hakuwa mwenye maneno mengi. Mteja mgeni akiuliza kama ni nzuri, alimjibu: "Onja kwanza, baba."

Walioishi nchini mwetu miaka ile hawahitaji kukumbushwa hali ilivyokuwa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Sabuni, sukari, mafuta ya kula na unga wa ngano vilipatikana kwa foleni, na kwa mji ulio mbali kama Songea foleni hizo mara nyingi ziliishia kwenye mlango uliofungwa. Wauza sambusa wengi waliacha. Bi Mkubwa aliendelea kwa kubahatisha: wiki hii anapika, wiki mbili zijazo hapiki. Akipata unga, mtaa mzima ulijua kwa harufu.

Mwanzoni mwa mwaka 1984 binti yake alichaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na katika darasa letu zima walichaguliwa wawili tu. Barua ilikuja na orodha ndefu: sanduku, shuka, sare, viatu, ndoo, nauli. Bi Mkubwa alikuwa amejiwekea unga kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, na chupa mbili za mafuta. Alipanga kutengeneza sambusa nyingi kwa wakati mmoja, azipeleke kwenye harusi moja na zilizobaki aziuze sokoni, na fedha hizo zimpeleke binti shuleni. Alinunua nyama jioni, akaipika, akaiacha ipoe mpaka alfajiri ndipo aanze kukunja.

Asubuhi hiyo nilipita kwake nikielekea shuleni. Nilimkuta uani ameinama karibu na mgomba, ana jembe dogo mkononi, na sufuria iko kando tupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Umeamkaje?"

"Salama. Mbona unalima alfajiri?"

"Silimi. Nazika." Akanyoosha mgongo. "Ile nyama imelala vibaya. Usiku joto lilikuwa kali."

Nilishika sufuria nikainusa. Kwa kweli harufu ilikuwa ndogo sana. Tangawizi na ndimu zilikuwa zimeifunika, na mtu asiyeambiwa asingegundua. Jirani mmoja aliyekuwa anachota maji alisema kwa sauti ya chini kwamba, katika mafuta ya moto, yote yangekwisha, na kwamba watu wa harusi hawali kwa kunusa. Bi Mkubwa hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi akasema, "Mwalimu, mlaji haoni ndani. Anayeona ni mimi."

Akamaliza kufukia. Mchana alikwenda kwa mwenye harusi kumwambia ukweli, akarudisha kishanzu alichokuwa amepewa. Manda hakuzitupa. Alinunua viazi vya Mbinga kwa mkopo, akavichemsha, akavitia pilipili na vitunguu, akakunja. Lakini sambusa ya viazi na ya nyama zikikaangwa hufanana kama pacha, na watu wote walimjua kwa nyama. Basi kila sambusa ya viazi aliiminya ncha moja kwa vidole ikawa bapa, na alipoketi nje akawa anawaambia wanunuzi kabla hawajauliza: "Leo ni viazi, si nyama. Shilingi moja." Ilikuwa nusu ya bei yake ya kila siku.

Binti alifika shuleni akiwa amechelewa wiki mbili, bila sanduku. Vitu vyake vilikuwa ndani ya mfuko wa sandarusi. Walimu wachache na majirani tulichangia nauli. Alisoma, akawa muuguzi, na wadogo zake walifuata kila mmoja kwa njia yake. Lakini nisimalize hadithi kwa haraka kana kwamba kufaulu kwa mtoto kulifuta kile kilichotokea. Wiki mbili za kidato cha kwanza si kitu kidogo kwa mtoto aliyetoka shule ya msingi na kukuta karibu masomo yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Na ile aibu ya mfuko wa sandarusi, binti mwenyewe aliniambia akiwa mtu mzima, ilimkaa mpaka kidato cha nne. Alikuwa na miaka 14. Hakuuliza mama yake kwa nini. Alijua kwa nini, na bado ilimuuma.

Nimeifikiria asubuhi ile mara nyingi. Sisi walimu tunapenda kufundisha kwamba uaminifu hulipa. Husemwa kwenye paredi, huandikwa ukutani. Ni neno jema, lakini ni nusu ya hesabu, kwa sababu kabla ya uaminifu kulipa, kwanza hudai, na humdai aliye karibu. Tajiri akitupa kilo kumi za nyama amepoteza faida ya siku moja. Bi Mkubwa alipotupa nyama yake alitupa sanduku, shuka na viatu vya mwanawe. Watu wa ile harusi walikula kitu kingine, wakacheza, wakarudi makwao wazima. Hawakujua kwamba kulikuwa na mtoto aliyewalipia.

Nilipokuwa mwalimu mkuu, miaka ya 1990, lilinijia suala la akina mama wauzao vitafunio kwenye lango la shule. Wapo walioshauri wafukuzwe kwa ajili ya usafi. Niliona kwamba wengi wao walikuwa wazazi wa watoto wale wale niliowafundisha, na kwamba karo na madaftari vilitoka katika mabeseni yale. Tukakubaliana masharti mawili. Kwanza, kila siku kabla ya mapumziko, kila mama atakula chakula chake mwenyewe mbele ya mwalimu wa zamu. Pili, kila chenye kitu ndani kitatajwa kwa jina lake: cha nyama ni cha nyama, cha viazi ni cha viazi, cha dengu ni cha dengu. Walicheka siku ya kwanza. Baada ya mwezi, watoto ndio waliokuwa wasimamizi wakali kuliko mwalimu wa zamu. Ungewasikia wakipiga kelele: "Mama, ndani kuna nini?" Na mama alijibu.

Jambo hili la kutangaza kilichomo si la Majengo tu. Nimesoma kuhusu Wabaski, watu wa mpakani mwa Ufaransa na Hispania, ambao wana keki yao ya asili yenye kujazwa ndani. Nyingine hujazwa krimu ya maziwa na mayai, nyingine jamu ya cheri nyeusi, na kwa nje zote ni duara la rangi ya dhahabu. Basi kwa desturi mwokaji huchora juu yake. Mistari iliyokatana ni ya krimu, na alama ya msalaba wa Kibaski ni ya cheri. Niliposoma hayo nilikumbuka ncha bapa za Bi Mkubwa. Hakuwa amesikia habari za Wabaski, nao hawakusikia habari za Songea, lakini mtu mwaminifu anayefungia chakula ndani ya unga, popote alipo, hutafuta njia ya kumwambia mlaji kilichomo.

Sasa niseme mahali pa kuila. Anayefika Unguja asikose Bustani ya Forodhani, mbele ya Mji Mkongwe, ambayo ilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2009. Jua likishazama, meza hupangwa, na sambusa hukaa pamoja na kachori, katlesi na ile wanayoiita pizza ya Zanzibar, ambayo nayo ni unga uliofungiwa nyama na yai. Dar es Salaam, tembea Kariakoo wakati wa futari. Nairobi, nenda Eastleigh, uonje sambuus ya Kisomali pamoja na chai ya viungo. Mombasa, mitaa ya Mji wa Kale itakutosheleza.

Lakini mimi ni mtu wa Majengo, na nitampendelea mtoto wangu. Njoo Songea miezi ya Juni na Julai, wakati baridi ya nyanda hizi imekaza na watu wamejifunga mablanketi. Toka nje baada ya magharibi, fuata moshi wa mkaa. Chagua sambusa iliyotoka kwenye karai muda huo huo, uigonge kwa kucha. Ikilia, manda yake ni kavu. Iweke juu ya karatasi. Ikiacha doa kubwa la mafuta, moto ulikuwa mdogo. Vunja ncha moja, mvuke utoke, kamulia ndimu humo ndani, ndipo ule. Usiile ukitembea. Simama hapo hapo karibu na mwuzaji, umsalimie, umwulize habari za watoto.

Mengi yamebadilika. Bi Mkubwa alifariki mwaka 2009, akiwa mzee wa kuheshimika, na mtaa mzima ulimzika. Siku hizi manda huuzwa zimekwisha kutengenezwa, ndani ya pakiti, na wapo vijana wa kiume wanaokaanga sambusa vizuri kabisa, kazi ambayo zamani ilisemwa kuwa ni ya wanawake. Wazee wenzangu hulalamika juu ya manda za pakiti. Mimi silalamiki. Vidole vilivyookoka kuungua ni vidole vya watu, na mwanamke aliyepunguziwa saa tatu za kusukuma amepata saa tatu za kulala. Kinachonisikitisha ni kitu kingine. Ni sambusa ya shilingi 500 iliyojaa hewa, yenye vipande viwili vya kitunguu vilivyojificha kwenye pembe kama wadaiwa. Ni mwuzaji ambaye ukimwuliza kilichomo anakujibu, "Wewe kula tu, mzee."

Hata hivyo, kabla ya kumlaumu kijana huyo, hunibidi nijiulize wanunuzi tumefanya nini. Nyama imepanda, mafuta yamepanda, mkaa umepanda, na sisi tunasimama mbele ya beseni tukidai bei ya mwaka juzi. Tunamwambia, "Punguza, nichukue tano." Naye atapunguza wapi? Unga hauwezi kupungua, manda itapasuka. Mafuta hayawezi kupungua, zitaungua. Kitu pekee kinachoweza kupunguzwa bila jicho kuona ni kile kilichomo ndani. Mnunuzi anayebana bei ya sambusa anapunguza nyama kwa mkono wake mwenyewe, kisha anashangaa akikuta hewa.

Nimefikia mahali ambapo naweza kulijibu lile swali gumu. Gharama ya uaminifu haipaswi kubaki katika nyumba moja. Kama mtu mmoja anazika nyama yake alfajiri ili sisi tusidhurike, basi sisi nasi tuna deni la kununua viazi vyake mchana, kwa bei kamili, bila kunung'unika. Hatuwezi kumdai mwuzaji awe Bi Mkubwa wakati sisi wenyewe ni watu wa ile harusi, tunaokula na kucheza na kutouliza ni nani aliyelipa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiniuliza mahali bora pa kula sambusa, nitakuambia ni mahali popote ambapo unaweza kuuliza "Ndani kuna nini?" na ukajibiwa kwa jina la kitu. Ukishajibiwa, lipa bei uliyotajiwa. Na kama ana ncha bapa na ncha kali, nunua za aina zote mbili, moja ya kula hapo hapo, na nyingine ya kuiweka juu ya sahani ya jirani.